Mkurugenzi wa dharura hana gari la zimamoto

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu, ambaye kama mimi anaishi Marekani, aliuliza katika safu hii: mkurugenzi wa usimamizi wa dharura wa kaunti analipwa kwa kazi gani siku ambazo hakuna mafuriko? Akasema maji yalipoingia mtaani kwake aliwaona zimamoto, aliwaona polisi, akawaona hata vijana wa kanisani na vimashua vyao vya uvuvi, lakini mkurugenzi hakumwona. Swali ni la haki. Mimi ni mkalimani wa kujitolea katika ofisi ya aina hiyo, kwa hiyo naomba nafasi nimjibu.

Hakumwona kwa sababu mahali pa mtu huyo siku ile si mtaani. Tena jina la cheo chake linatupoteza sisi wasema Kiswahili, maana “dharura” kwetu ni mlango wa hospitali, na hapa ni maafa kama mafuriko na moto. Nakumbuka mzee mmoja aliyefunga safari hadi ofisini pale na bili ya ambulensi mkononi, akitaka apunguziwe. Walimpokea vizuri, wakamtafutia pa kwenda.

Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na karibu kila moja ina mtu mwenye jukumu hili. Kaunti kubwa humpa jengo na wafanyakazi. Nyingi za vijijini zina mtu mmoja tu, mara nyingine wa nusu siku, ambaye nusu nyingine anafanya kazi tofauti kabisa. Texas ndiyo inayochanganya zaidi: kisheria mkurugenzi ni jaji wa kaunti, ambaye licha ya jina hilo ndiye mkuu wa utawala wa kaunti, naye humteua mratibu wa kuibeba kazi ya kila siku.

Awe nani, jambo moja halibadiliki: hana askari, hana mabomba ya maji, hana gari la zimamoto. Hana mamlaka ya kumwamuru mkuu wa zimamoto. Sherifu, ambaye karibu kila mahali amechaguliwa na wananchi, hapokei amri zake. Hospitali, shirika la umeme, idara ya barabara, shule zenye mabasi, kila mmoja ana bosi wake. Alichonacho yeye ni meza, orodha ya simu na mpango ulioandikwa, na kazi yake ni kuhakikisha watu hao wote wanafahamiana kabla ya siku watakapohitajiana.

Nimeketi kwenye meza hiyo siku ya mazoezi. Kila mtu alivaa kizibao chenye jina la kazi yake, ubao mweupe ukutani, na mkurugenzi akawa anagawa vikaratasi. Cha kwanza: daraja la kaskazini limekatika. Cha pili: umeme umezimika kwenye makao ya wazee, na ndani kuna wanaopumua kwa mashine za oksijeni. Mtu wa barabara akasema hana wasiwasi, malori yapo, yamejazwa mafuta. Mkurugenzi akamuuliza, “Madereva wako wanalala wapi?” Yule bwana akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Wote isipokuwa mmoja walikuwa wanaishi ng'ambo ya daraja. Hapo ndipo nilipomwona mkurugenzi akitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alikuwa amelipata alilolitafuta, na alilipata siku ya jua, wakati kosa halimgharimu mtu chochote.

Kuna na kazi ya karatasi, ambayo haipigwi picha. Maafa yakiizidi kaunti, kaunti hutangaza hali ya dharura, gavana wa jimbo akaomba msaada, Rais akatangaza. Tangazo likitoka na kuigusa miundombinu ya umma, serikali ya taifa hubeba angalau asilimia 75 ya gharama zinazokubalika. Zingatia neno hilo, zinazokubalika. Kila saa ya dereva, kila lori la kokoto, kila picha ya kalvati lililobomoka lazima iwe imeandikwa. Kaunti isiyoandika hailipwi, na deni linarudi kwa mlipa kodi yule yule anayeuliza mkurugenzi anafanya nini.

Hata hivyo sikuandika barua hii ili kumtetea kila mwenye cheo hicho. Ipo kazi moja ambayo wakishindwa watu hufa, nayo ni kuonya. Kitufe cha onyo katika kaunti nyingi kiko mikononi mwa ofisi hii, na hofu ya kukibonyeza ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Oktoba 2017 moto ulipoishukia Kaunti ya Sonoma, California, usiku, maofisa waliamua kutotuma ujumbe wa kulia kwenye simu zote, wakihofia kuzusha taharuki na kuziba barabara. Agosti 8, 2023, mji wa Lahaina katika Kaunti ya Maui, visiwani Hawaii, uliteketea na watu zaidi ya 100 wakafa. Kaunti ina ving'ora 80 hivi, na hakikulia hata kimoja. Mkuu wa wakala wa dharura alikuwa kisiwa kingine, kwenye mkutano. Baadaye alieleza kwamba watu wamezoea kukimbilia mlimani wakisikia king'ora kwa kudhani ni tsunami, na mlimani ndiko moto ulikotokea. Agosti 17 akajiuzulu.

Maelezo yale si ya mtu mjinga. Lakini yanaonyesha kosa la miaka, si la siku moja. Kama watu wako wanajua maana moja tu ya king'ora, umekaa miaka yote na chombo usichoweza kukitumia, na siku simu zinapokufa, kama zilivyokufa Lahaina, huna kingine.

Halafu likaja la Texas. Usiku wa kuamkia Julai 4, 2025, Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ilitoa onyo la mafuriko ya ghafla kwa Kaunti ya Kerr saa 7:14 usiku. Mto Guadalupe ulifurika watu wakiwa usingizini, na zaidi ya 100 wakafa katika kaunti hiyo peke yake, wakiwemo watoto waliokuwa kambini. Mwisho wa mwezi huo, mbele ya kamati ya wabunge wa jimbo, mratibu alikiri kwamba alikuwa mgonjwa, amelala. Jaji wa kaunti naye alikuwa nje ya kaunti. Kuugua si dhambi. Ninachouliza mimi ni nani aliyekuwa wa pili kwenye orodha, na kama simu yake ilikuwa imewashwa.

Sasa nije kwetu. Mwaka juzi mvua kubwa ilinyesha usiku, na simu ya mama mkwe wangu ikalia ule mlio wa kutisha. Hajui Kiingereza. Aliuangalia ule ujumbe, akadhani ni wale matapeli wanaomsumbua kila siku, akaizima simu na kuiweka chini ya mto. Asubuhi tukakuta maji yamesimama ngazi mbili chini ya mlango wake. Ujumbe ulikuwa sahihi na ulifika kwa wakati, ila ulikuwa umeandikwa kwa lugha ya watu wengine.

Ujumbe huo wa simu hutoka kwa Kiingereza, na kwa Kihispania pale anayetuma alipojiandaa. Oktoba 2023 tume ya mawasiliano, FCC, ilipitisha kanuni za kuandaa violezo vya maonyo katika lugha 13 zinazozungumzwa zaidi nchini baada ya Kiingereza. Kiswahili hakimo. Na ipo mitaa yenye Wakongomani, Warundi na Wasomali Wabantu wanaoelewana kwa Kiswahili. Washington haitalimaliza hilo karibuni, bali ofisi ya kaunti inaweza, kwa sababu mkurugenzi ana ruhusa ya kufikisha onyo kwa njia yoyote inayofanya kazi.

Ila lugha yenyewe inataka kufikiriwa. Watabiri wa hali ya hewa wa Marekani wana ngazi mbili kuu za maonyo. Ya kwanza husema hali inaruhusu mafuriko kutokea, kaa chonjo. Ya pili husema mafuriko yameanza au yanakaribia, toka. Tafsiri nilizozikuta ofisini ziliandika “tahadhari ya mafuriko” kwa zote mbili! Mtu akipata tahadhari Jumatatu na lisitokee kitu, Alhamisi akipata tahadhari nyingine anageuka upande wa pili wa kitanda. Tulibishana hapo saa nzima, mimi na Mkongomani mmoja anayesema neno langu ni la vitabuni. Mwishowe ya kwanza tukaiita “jiandae” na ya pili “ondoka sasa”. Hazina urembo wowote, lakini mama mkwe alizielewa mara moja.

Kwa hiyo swali ninalomrudishia msomaji mwenzangu ni hili: mkurugenzi wa kaunti yako anajua kwamba wewe upo? Mipango yao huandikwa upya kila baada ya miaka michache, na katika kaunti nyingi vikao vya kuipitia viko wazi kwa umma. Nimehudhuria viwili ambavyo watu wa nje tulikuwa watatu. Nenda ukaulize mabasi yatasimama wapi, asiye na gari atachukuliwa na nani, na mkurugenzi akiugua ni nani anayebonyeza kitufe.

Sisi tulikwenda. Mkurugenzi hakutuuliza tuko wangapi. Alitoa daftari, akauliza ni nani kati yetu ambaye akipiga simu saa tisa usiku kila mtu atapokea. Tukamtajia imamu, tukamtajia mchungaji. Kisha mke wangu akasema kwamba kusema kweli ni yule mama anayesuka nywele, kwa sababu ana namba ya kila nyumba na anajua nani amehama. Katika mazoezi yaliyofuata waliwapigia wote watatu usiku bila kuwaambia siku. Imamu hakupokea, na simu ya mchungaji haikuwa na chaji. Yule mama alipokea mlio wa kwanza, akafoka, “Nani anafia saa hizi?”, na kabla mkurugenzi hajamaliza kujitambulisha alikuwa keshawasha taa na kuanza kutafuta namba.

Wako,
Mkalimani wa kujitolea, Marekani