Video ya harusi imegoma kwenye PS? Soma hapa kabla hujafomati flashi

Msimu wa harusi ukipamba moto, swali tunaloulizwa zaidi dukani ni la video, gemu linakaa pembeni. Mtu kaletewa flashi na mpiga video wake, kaichomeka kwenye PS (mashine ya gemu ya PlayStation) pale sebuleni, ndugu wamekaa kusubiri, na kwenye TV hakuna kitu. Au flashi inaonekana lakini faili halionekani. Au faili lipo, ukilibonyeza mashine inakwambia haiwezi kulicheza. Kinachofuata ni lawama. Mwenye PS anasema flashi ni mbovu, mpiga video anasema PS ni mbovu, na kijana wa jirani anayejua kompyuta anashauri flashi ifomatiwe. Hapo ndipo tunapoomba utusikilize kwanza, maana kufomati ni kufuta kila kilichomo, na harusi haifungwi mara mbili ili video ipigwe upya.

Kwa uzoefu wetu, mara nyingi hakuna kilichoharibika. PS ni nzima, flashi ni nzima na video ni nzima. Ni kwamba havielewani.

"Lakini fundi, hii ni MP4, na PS inasoma MP4." Hii tunaisikia kila wiki. MP4 ni kasha tu, na MKV, AVI na MOV nayo ni makasha. Ndani ya kasha mna picha iliyobanwa kwa mtindo fulani na sauti iliyobanwa kwa mtindo wake, na mitindo hiyo ya kubana ndiyo huitwa kodeki. Kwa hiyo mafaili mawili yanaweza kuandikwa .mp4 yote, moja likacheza na lingine likakataa, kwa sababu kilichomo ndani ni tofauti. Mashine ya gemu lazima ielewe vitu vinne kwa pamoja: jinsi flashi ilivyofomatiwa, kasha, kodeki ya picha na kodeki ya sauti. Kimoja kikikosekana, huoni video.

Kodeki ya picha ndiyo inayosumbua zaidi siku hizi. Kwa miaka mingi dunia nzima ilitumia H.264, ambayo kiwango chake kilipitishwa mwaka 2003. Karibu kila kifaa unachokijua kinaisoma. Mwaka 2013 ikaja H.265, inayoitwa pia HEVC, ambayo inabana video ile ile hadi karibu nusu ya ukubwa bila picha kuchakaa. Wapiga video wameipenda, na wana haki, kwa sababu kurekodi 4K, ile picha yenye pikseli nyingi zaidi, siku nzima kunakula kadi za kumbukumbu vibaya sana. Simu nazo zimeifuata. iPhone 7 na zilizofuata, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, hurekodi kwa HEVC bila kukuuliza, na kutia kwenye kasha la MOV. Kumbe PS3 iliingia sokoni mwaka 2006, HEVC haijazaliwa. PS4 nayo ilitoka 2013, na programu yake ya kuchezea video, iliyokuja Juni 2015, inapokea MKV, MP4 na AVI lakini HEVC haimo kwenye orodha yake.

Kuna dalili moja unayoweza kuiangalia mwenyewe nyumbani. Ukitumiwa kipande cha harusi kwa WhatsApp, kikacheza kwenye PS4 bila shida, halafu faili kamili la mpiga video likagoma, basi karibu kila mara tatizo ni kodeki. WhatsApp huibana video upya kwa H.264 inapoituma kama video ya kawaida, kwa hiyo imekufanyia kazi ya kubadilisha bila wewe kujua, ingawa imeishusha ubora.

Hivi karibuni mama mmoja alituletea flashi ya send-off ya binti yake. PS4 yake haikuiona kabisa. Mwanawe akahamishia faili kwenye flashi nyingine, hiyo ikaonekana, lakini video ikakataa kucheza. Tulilifungua faili kwa MediaInfo, programu ya bure inayokuonyesha kilichomo ndani ya video, na majibu yakawa wazi: flashi ya kwanza ilikuwa imefomatiwa kwa mtindo wa NTFS, ambao PS4 haiusomi, na picha ilikuwa HEVC ya biti 10, pikseli 3840 kwa 2160, fremu 50 kwa sekunde. Faili lilikuwa na GB 21. Sababu mbili zilipandana, ndiyo maana kutatua moja hakukusaidia. Tulitengeneza nakala ya H.264, pikseli 1920 kwa 1080, fremu 50 zilezile, sauti kwa kodeki ya AAC, ikashuka hadi GB 5 hivi, tukaitia kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa exFAT. Ikacheza mwanzo hadi mwisho, sauti ya MC ikitembea sawasawa na mdomo wake. Mama alitaka tulifute lile faili kubwa apate nafasi. Tulimsihi asifanye hivyo. Hiyo nakala ya 4K ndiyo mali yenyewe. Tuliyotengeneza sisi ni ya kutazamia kwenye PS4 tu, na siku akinunua TV kubwa zaidi ataitaka ile ya kwanza.

Kuhusu flashi yenyewe, tuseme kidogo kwa nini NTFS inaingia kwenye hadithi hizi. Flashi nyingi za zamani na zile ndogo huja zikiwa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja linalofika GB 4. Video ya 1080 kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde inakula GB 3.6 kwa saa. Maana yake harusi ya saa mbili haiingii kama faili moja. Mpiga video anapokataliwa na kompyuta yake kunakili, anafomati flashi kuwa NTFS, faili linaingia, anakukabidhi, na kwenye laptopu yake linacheza vizuri tu. Hajakudanganya. Ila PS haisomi NTFS. Dawa kwa PS4 ni exFAT (Xbox za sasa nazo zinaisoma), ambayo haina kikwazo hicho cha GB 4. Kwa PS3 hata exFAT haisaidii: lazima FAT32, na video ndefu ikatwe vipande viwili au vitatu. Kama mpiga video wako anatumia Mac, mwambie mapema, kwa sababu flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa Mac pekee nayo haitaonekana kwenye PS.

Sasa mashine moja moja.

PS3 bado zipo nyingi majumbani na zinafanya kazi. Ipe MP4 ya H.264 yenye sauti ya AAC, kwenye FAT32, haina neno. Haisomi MKV. AVI zenye kodeki ya DivX inazisoma tangu ilipoongezewa uwezo huo mwishoni mwa 2007.

PS4 ndiyo rafiki zaidi kwa video za flashi katika familia hii. MKV inaisoma, MP4 inaisoma, na hata mafaili ya MTS yanayotoka kwenye zile kamkoda za AVCHD inayasoma. Tunapenda kuwaambia wateja wenye kanda hizo kwamba video ya ubatizo ya mwaka 2010 inaweza kucheza bila kuguswa, wakati ya simu ya mwaka huu inagoma. Weka mafaili ndani ya folda kwanza, usiyaache yakielea juu ya flashi. Sauti iliyobanwa kwa kodeki ya DTS haiungwi mkono. Ukiona picha ipo na sauti hakuna, anzia hapo.

PS5 tunaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu. Mtu katoa pesa nyingi akanunua mashine mpya, akiamini itafanya yote ya PS4 na zaidi, kumbe haina programu ya kucheza video kutoka kwenye flashi. Ile ya PS4 haikuhamia huku. Galari yake ni ya picha na vipande vya gemu ulivyorekodi mwenyewe. Kwa hiyo ukituletea flashi ya harusi kwa ajili ya PS5, hata tukiibadilisha kuwa H.264 safi kabisa, kwenye PS5 haitacheza, na hatutachukua pesa yako kwa kazi hiyo. Tunachokushauri ni njia tatu. Ya kwanza, chomeka flashi moja kwa moja nyuma ya TV; TV nyingi za kisasa zina tundu la USB na za 4K nyingi zinasoma HEVC bila taabu. Ya pili, unganisha laptopu na TV kwa waya wa HDMI. Ya tatu ni Plex: unaweka programu yake kwenye laptopu iwe ndiyo ghala la video, unaweka nyingine kwenye PS5, na zote zikiwa kwenye Wi-Fi moja video inatiririka ndani ya nyumba. Bando linatumika wakati wa kupakua programu na kuingia kwenye akaunti. Video yenyewe inatoka kwenye laptopu yako kwenda kwenye TV bila kupitia nje. Wi-Fi ikiwa dhaifu itakatakata, basi tumia waya wa mtandao. Tunaifunga huduma hii nyumbani kwa mteja.

Xbox One na Xbox Series zina unafuu mkubwa, kwa sababu kwenye duka lake la programu utaipata VLC, programu ya kuchezea video, bure, nayo inakula karibu kila kitu, na NTFS inasomeka. Lakini hapa kuna hatari inayotutisha kuliko zote. Ukichomeka diski ya nje kubwa ya USB 3.0, Xbox inakuuliza: uifomati kwa ajili ya gemu, au uitumie kwa video na muziki? Mtoto mwenye pedi mkononi anabonyeza chaguo la kwanza kwa sababu yeye anawaza gemu, na diski yote inafutwa. PS5 nayo hutaka kuifomati diski ili iwe ghala la gemu. Ukiona neno lolote la kufomati kwenye skrini, chomoa. Usiweke nakala pekee ya harusi kwenye diski ambayo watoto wanachomeka kwenye mashine.

Nintendo Switch haichezi mafaili ya video kutoka kwenye kadi. Na kwa wenye VCD za zamani: PS4 na PS5 hazisomi CD za aina yoyote, DVD na Blu-ray tu, tena kama mashine yako ni ile yenye sehemu ya diski.

Kuhusu bei, kuna jambo tungependa kila mteja alijue, hata kama hatimaye utaenda kwa fundi mwingine. Kuna kazi mbili tofauti ambazo huitwa kwa jina moja la "kukonveti". Moja ni kuhamisha kasha: picha na sauti zinabaki kama zilivyo, zinatolewa kwenye MKV zinaingizwa kwenye MP4. Hiyo ni kazi ya dakika chache na ubora haupungui hata chembe. Mwenye programu ya ffmpeg kwenye kompyuta yake anaifanya kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Kazi ya pili ni kubana upya, yaani kufungua HEVC yote na kuibana tena kwa H.264. Hiyo inaweza kula saa kadhaa kwa video ndefu ya 4K, na ubora hupungua kidogo kila inapofanyika. Kama H.264 ipo tayari na shida ni kasha tu, usikubali kulipishwa kazi ya saa. Kama shida ni sauti peke yake, hubadilishwa sauti na picha huachwa. Fundi mwaminifu huliangalia faili kwanza ndipo anataja bei. Sisi kuangalia hatutozi. Na ukitaka kujifanyia mwenyewe, programu ya HandBrake ni ya bure: chagua mpangilio wake ulioandikwa Fast 1080p30, acha mengine kama yalivyo, na utapata MP4 inayocheza kwenye PS4. Video ikizidi GB 4 ikate ndipo uipeleke PS3.

Kwa wanaotarajia sherehe, ongea na mpiga video kabla ya kumaliza malipo. Mwombe nakala mbili: ile kubwa kama alivyoihariri, na nyingine ya MP4, H.264, 1080, sauti AAC, kwenye flashi ya exFAT. Kwake ni kubonyeza mara moja zaidi kwenye programu yake ya uhariri, na ubora utakuwa bora kuliko sisi tukiibana baadaye, maana yeye anatoa kutoka kwenye chanzo. Wenye iPhone, ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, chagua "Most Compatible", na kwa kawaida simu itarekodi H.264 kuanzia hapo. Video za zamani hazibadiliki kwa hilo.

Ukija kwetu, njoo na flashi ile ile uliyopewa, hata kama unadhani ni mbovu, na utuambie jina kamili la mashine: PS4, PS4 Pro, PS5 yenye diski au isiyo na diski. PS yenyewe iache nyumbani. Njoo pia na flashi tupu ya kuwekea nakala, ya GB 32 au zaidi, kwa sababu ile ya kwanza hatuigusi. Tunabadilisha video zako mwenyewe: harusi, misiba, mahafali, ubatizo, maulidi, mikutano ya ukoo. Filamu za watu hatunakili. Kazi ya kasha unasubiri ukiwa umekaa, na ya kubana upya ukileta asubuhi tunakupigia ikiwa tayari.