Maigizo ya kaya yasigeuzwe hotuba

Mhariri,

Kila inapokaribia tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, kumbi na shule zetu za Pwani hujaa igizo lile lile: mti unakatwa, mvua inagoma, kisha anatokea mzee mwenye ndevu za pamba na kuhutubia. Hapo watoto wameshaanza kuchezea viti.

Hadithi ya kuwashika tunayo karibu. Misitu ya kaya za Wamijikenda (vijiji vyao vya kale, sasa mahali patakatifu), ambayo kumi kati yake iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, ina miiko iliyo tamthilia tayari. Chukueni mmoja tu: kitu kisitoke kayani, hata kijiti. Mtoto atoke na kijiti, na papo hapo ngoma inyamaze. Asitokee mtu wa kueleza. Kijiti kipite mkono kwa mkono kwa watazamaji, wazazi kwa watoto, mpaka kirudi kilikotoka, ngoma ikiingia upya polepole. Watu wakizidi sitini, pitisheni viwili, kimoja kila upande, la sivyo ukumbi unapoa.

Fingo, hirizi ya kuilinda kaya, lisionyeshwe. Huzikwa, na nguvu yake jukwaani ni kutoonekana. Ukilitengeneza la boksi umeliua. Vigango navyo, nguzo za mbao zilizochongwa, ni vya kumbukumbu ya marehemu, na vingi vimeibwa vikauzwa ng'ambo. Si mapambo.

Vinyago vya wanyama havihitaji duka. (Wapo wanaoviumba juu ya puto, kisha igizo la mazingira linaisha kwa kufagia vipande vya puto.) Finyangeni uso kwa udongo juu ya ubao, mpake mafuta. Korogeni kikombe 1 cha unga wa ngano kwa kikombe 1 cha maji baridi, mmimine kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, mkoroge hadi uwe uji mzito, mtie vijiko 2 vya chumvi kupunguza ukungu. Magazeti yachanwe kwa vidole, upana wa sentimita 3. Yakikatwa kwa mkasi, kingo huonekana hata chini ya rangi. Bandikeni kwa uji huo tabaka mbili juu ya uso wa udongo, zikauke, ndipo muongeze mbili. Wengi hubandika zote nne siku moja na kuanika juani: nje kunakauka, ndani kunabaki na maji, na kwa joto letu kinyago huanza kunuka na kubonyea. Kianikwe kivulini penye upepo.

Matundu ya macho yawe makubwa kuliko mnavyodhani, na mtoto ajaribu kushuka ngazi za jukwaa akiwa amekivaa kabla ya siku ya onyesho.

Watengenezaji wa vinyago vya maigizo,
Kilifi