Bei ya tangazo la meli si bei ya safari

Ndugu Mhariri,

Kwa mkaaji wa Lubumbashi anayetamani likizo ndani ya meli kubwa ya utalii, njia ya karibu ni Durban, bandari ileile inayotuletea magari na mizigo kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Meli hutoka pale msimu wa joto, hukaa siku chache pwani ya Msumbiji, kisha hurudi. Sisi tunaowapangia watu safari tunaandika kwa sababu tangazo huonyesha bwawa la kuogelea na meza zilizojaa chakula, na mtu hutuma avansi isiyorudishwa kabla ya kuuliza habari za viza.

Mwenye pasipoti ya Kongo anahitaji viza ya Afrika Kusini. Meli ikishaondoka kwenda Msumbiji, anahesabiwa kuwa ametoka nchini, na siku ya kurudi Durban anaingia upya. Ikiwa viza yake ni ya kuingia mara moja tu, imekwisha kazi. Wakaguzi wa kampuni ya meli wanalijua hilo, nao humzuia bandarini kabla hajapanda. Pesa zimekwenda. Ulaya ni vilevile: viza ya Schengen (moja kwa nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia mara moja inatosha kwa meli inayozunguka Italia, Ufaransa na Hispania, lakini ikipita Uturuki au Tunisia haitoshi. Tena kampuni nyingi hudai viza ya kila nchi ambako meli itasimama, hata kwa abiria asiyetaka kushuka. Kadi ya njano nayo haingoji dakika za mwisho: chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa baada ya siku 10 tangu kuchomwa, na Afrika Kusini huidai kwa kila anayetoka kwetu.

Kuhusu pesa, bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Anayekwenda peke yake mara nyingi hulipia karibu vitanda vyote viwili. Bakshishi ya wahudumu haingoji uitoe mwenyewe kama mgahawani. Huingizwa kwenye hesabu yako kila siku, mara nyingi kati ya dola 10 na 20 kwa kila mtu. Mume na mke kwa siku nne, kwa dola 15, ni dola 120 ambazo tangazo halikuzitaja. Chakula cha kawaida kimeshalipiwa (bukari na sombe usivitegemee), ila bia, soda na hata maji ya chupa kwa kawaida vinalipiwa, na juu yake mara nyingi hutiwa ada ya huduma ya asilimia 15 hadi 20. M-Pesa na Airtel Money hazisaidii. Meli hutaka kadi ya benki au amana ya pesa taslimu, na huzuia kiasi fulani kwenye kadi kila siku, hivyo kadi yenye pesa kidogo hukwama mapema. Simu uifunge kwenye hali ya ndege tangu kuondoka, maana baharini inashika mtandao wa setilaiti wa meli, ghali sana.

Chumba cha bei ya chini hakina dirisha, na mara nyingine kiko chini ya jikoni au ukumbi wa dansi. Kabla ya kulipa, omba ramani ya meli uone kilicho juu na chini yake. Anayelevywa na mawimbi achague katikati ya meli, sitaha za chini, ambako meli huyumba kidogo zaidi.

Jambo linalotusumbua zaidi ni kuharisha na kutapika kunakoletwa na virusi vya noro. Chembe chache tu zinatosha kumwambukiza mtu, na vijiko vya kupakulia chakula hupita katika mamia ya mikono. Dalili huanza baada ya saa 12 hadi 48, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja hadi tatu. Ile jeli ya pombe iliyowekwa mlangoni haiviui vizuri virusi hivi. Ni lazima maji na sabuni, sekunde 20, kabla ya kula na baada ya choo. Mgonjwa hufungiwa chumbani, na daktari wa meli hulipwa. Kwa hiyo bima iwe inayotaja matibabu ya melini na gharama za kumtoa mgonjwa baharini.

Zoezi la usalama lisikwepwe. Meli ya utalii Costa Concordia ilipopinduka Italia tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyohiyo bila kufanyiwa zoezi. Tangu 2015 sheria ya kimataifa inataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka.

Na meli haingoji. Aliyechelewa bandarini hujilipia nauli hadi bandari inayofuata. Lakini meli yenyewe inaweza kuruka bandari kwa sababu ya upepo, na mkataba kwa kawaida hukurudishia kodi ya bandari tu.

Tunaomba, Ndugu Mhariri, tangazo lolote la safari hizi litakalopita katika gazeti lenu litaje aina ya viza, bakshishi ya kila siku, na tarehe ambayo baada yake avansi hairudi.

Wapangaji wa safari,
Lubumbashi