Mwanangu, njoo na basi

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Barua hii nimeilaza juu kabisa ya mzigo, kabla ya ndizi mshare na maparachichi, ili uione kwanza. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu unaniwahi na "sawa mama, nimekuelewa", nami najua hapo hujaelewa kitu.

Ule ujumbe wa hao wanaokudai ulinifikia kwenye simu Jumatano tukiwa kwenye ibada ya jumuiya. Ulitaja jina lako kamili, kwamba umekopa na hulipi, na mimi nikuhimize kabla hawajachukua hatua. Nikadhani ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kumbe shangazi yako naye kautumiwa, na hata fundi aliyetutengenezea tanki la maji, ambaye sijui mara ya mwisho mlizungumza lini. Mdogo wako ndiye aliyenifafanulia kwamba programu hizo za mikopo za kwenye simu ukishazipa ruhusa zinabeba namba zote zilizomo kwenye simu. Akasema pia Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 majina 69 ya wanaokopesha mtandaoni bila leseni. Kaangalie kama wako wamo.

Deni lenyewe halikunitia aibu. Sisi watu wa migombani tunadaiwa ada, tunadaiwa pumba za ng'ombe, tunalipa. Kilichoninyima usingizi ni kusikia kwamba ulikopa kwa ajili ya simu, wakati ya kwanza ilikuwa nzima, na kwamba sasa unatafuta gari la kukodi uje nalo Krismasi.

Desemba ya huku naijua. Barabara ya Himo kwenda Marangu inajaa magari, watu wanahesabu nani kaja na lipi. Kuna mzee hapa jirani husalimia gari kwanza, ndipo aulize habari za aliyemo.

Unakumbuka mnada wa mwaka jana? Wazee wa kanisa walitoa mazao ya sadaka nje baada ya ibada, ukafika zamu ya yule jogoo mwekundu. Wewe na binamu yako mkashindana: ishirini, thelathini, hamsini, ukampata kwa elfu themanini. Ukamkabidhi bibi mmoja mjane, watu wakashangilia. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, na usiku nilimwambia baba yako, "Umemwona mwanao?" Leo najua hela ile haikuwa yako. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba nia ikiwepo, sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Nimeusikia mstari huo ukisomwa miaka na miaka, lakini nusu yake ya mwisho nilikuwa sijaitilia maanani hadi nilipomkumbuka yule jogoo.

Sikiliza, baba, sikuandikii kama mtu safi. Mwaka 2009 nilichukua mkopo wa kikundi. Baba yako nilimwambia ni wa kuongeza banda la ng'ombe. Nikanunua masofa. Nilitaka wageni wa Krismasi wakifika wakute sebule inafanana na ya wifi yangu, basi. Walifika, wakasifu, wakala, wakaondoka. Februari akaja jirani, mtoto wake anatakiwa kupelekwa hospitali ya KCMC, anaomba elfu arobaini. Nikamwambia sina. Sikudanganya, kila senti ya maziwa ilikuwa inakwenda kwenye marejesho. Alikaa ukingoni kabisa mwa sofa, kama anayeogopa kulichafua, na nailoni yake ilikuwa bado inalia kila akijisogeza. Mtoto alipona, wengine walichanga. Lakini nilikuwa nimesali asubuhi ile ile nikimwomba Mungu anitumie kwa jirani zangu, akaniletea jirani, nikamkalisha kwenye hela yake nikamwambia sina.

Ndiyo maana sikuhubirii umaskini. Bibi yako hupenda kusema kwamba zamani watu walikuwa na kiasi. Mwaka 1983 nilikuwa msichana mdogo, sabuni ilikuwa ya foleni, tulifua kwa majani ya mpapai. Kiasi gani hicho? Vitu havikuwepo tu. Vilipoanza kurudi madukani enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, tulivikimbilia kama wengine wote, na wa kwanza alikuwa bibi yako na kitenge chake. Mimi naomba ile sala ya Aguri katika Mithali, usinipe umaskini wala utajiri, nilishe kwa chakula kilicho kadiri yangu. Naiomba kwa jina lako sasa. Vaa vizuri, kula vizuri, simu uliyonayo itunze. Ila kabla ya kubonyeza "kubali", jiulize ni nani atabisha hodi mwezi ujao ukamwambie huna.

Pesa uliyoanza kuweka ya gari, walipe hao watu, kisha ufute hiyo programu. Mimi usinikopee kitu chochote, hata kitenge. Ukija na sukari kilo mbili na majani ya chai umekuja. Kata tiketi mapema kabla nauli hazijavurugika, shuka Njia Panda, panda Noah za huku. Akikuuliza yule mzee gari liko wapi, mwambie limerudi Dar na abiria wengine.

Mnadani tutapeleka mkungu wa shambani kwetu, utaubeba wewe. Ukitaka kununua, mayai huwa yapo.

Masofa bado yapo, nailoni nilishaitoa. Utalala hapo, maana chumba chako baba yako amejaza mahindi.

Mama yako