Barua ya wazi kwa walimu wa Mombasa mnaorudi shule za serikali

Wanangu walimu, assalaam alaykum na hamjambo nyote.

Nimefurahi kusikia mnarudi. Wengine shule zenu za kibinafsi zilifungwa wakati wa korona zisiinuke tena, wengine mlikwenda Ghuba kutafuta riziki. Watoto wetu, kuanzia Likoni hadi Jomvu, wanawahitaji. Lakini nawaomba jambo moja: usishike chaki kabla hujajua ni nani aliyekuajiri, na kabla hujapata karatasi yenye sahihi mkononi mwako.

Waajiri ni wawili. TSC, yaani Tume ya Kuajiri Walimu, ndiyo iliyopewa kazi hiyo na ibara ya 237 ya Katiba. Ikikupa ajira ya kudumu leo, unaingia mfuko wa pensheni ulioanza Januari 2021: wewe unakatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali inakuwekea 15. Ukichukuliwa na bodi ya shule, mwajiri wako ni bodi, hata kama mnakaa meza moja na wa TSC na kusahihisha mitihani ileile. Miaka ya bodi haihesabiwi kwenye pensheni hiyo. Mwalimu mkuu akikuambia "fundisha tu, tutakuombea", mshukuru, kisha mwombe mkataba.

Kuna binti yetu mmoja aliyenionyesha wake. Ukurasa mmoja, muhuri wa shule juu, tarehe ya kumaliza imeachwa wazi, na mahali pa mshahara pameandikwa "shukrani ya kila mwezi kulingana na karo itakavyoingia". Alikuwa ameshatia sahihi. Iliniuma sana. Najua bodi nyingi hazina pesa, na walimu wakuu wengi wanahangaika kweli. Hilo halimfanyi mwalimu awe mtu wa kungojea sadaka.

Sheria ya Ajira ya 2007 iko wazi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na wa kuuandika ni mwajiri, si wewe. Utaje mshahara, lini unalipwa, saa za kazi, likizo. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi sita, na hakiongezwi bila wewe kukubali. Likizo ya mwaka yenye malipo haipungui siku 21 za kazi. Mwalimu akijifungua, ana miezi mitatu kwa mshahara kamili. Msikubali kuambiwa mpishe mwingine "mpaka mtoto akue". Na mkifika kortini, mwajiri asipoweza kuutoa mkataba, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha mliagana nini.

Kwa hivyo wekeni kila kitu: nakala ya mkataba, hati ya mshahara, hata ujumbe wa M-Pesa wa siku mliyolipwa nusu. Ratiba ya vipindi yenye jina lako nayo ni ushahidi.

Sasa nyinyi mnaodai bodi za zamani na mnaona haya kumsumbua mwalimu mkuu mliyemzoea: madai ya kazi yana muda wa miaka mitatu tu, kisha mlango unafungwa. Mwandikieni barua ya heshima wiki hii, mbaki na nakala. Akinyamaza, nendeni ofisi ya leba, na mwende pamoja.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu, Mombasa