RISALA YA KLABU YA HISTORIA KWA MGENI RASMI, SIKU YA WAZAZI

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, mwangaluka!

Tunashukuru sana umefika. Ratiba yako tunajua imebana, na barabara ya kuja huku Magu ndani umeshajionea mwenyewe, hatuna la kuongeza.

Klabu ilianza na watu saba chini ya mwembe, sasa tupo 62. Mafanikio ni makubwa, tumeshika nafasi ya tatu kwenye mashindano ya kata (shule zilikuwa nne ila ushindani ulikuwa mkali), na tumefika makumbusho ya Wasukuma ya Bujora pale Kisesa, tukaona ngoma za watemi na lile jengo lenye umbo la kiti cha mtemi.

Kila mwanachama ana kipindi chake anachokipenda. Form one wengi ni wa Speke, yule mpelelezi wa Kiingereza, sio kwa ajili ya ziwa, ziwa wanaliona kila siku wakienda kuchota maji, wanachopenda ni ule ugomvi. Jamaa kafika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, kaliona ziwa kipande tu, kalipa jina la malkia wake wakati wenyewe tunaliita Nyanza, halafu karudi Tabora kumwambia mwenzake Burton, aliyebaki kule anaumwa, kwamba chanzo cha Nile nimekipata. Burton akagoma. Form two wavulana ni Majimaji, 1905 mpaka 1907, hao usiwaulize watakuonyesha vita yenyewe na madawati yatavunjika.

Ila sisi wengine, mgeni rasmi, ni miaka ya 50 na pamba. Tunaipenda kwa sababu haina mfalme wala mzungu mwenye darubini, ni bibi yako na gunia lake. Wakulima walikuwa wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakachoka, wakaweka watu wao wa kusimamia mizani, vyama vya ushirika vikaanza hivo hivo mpaka ukapatikana muungano mkubwa wa Victoria Federation wa kina Paul Bomani, ambaye baadae alikuwa waziri wa fedha. Mkoloni akaizuia TANU huku kwetu kuanzia 1954 mpaka 1958, na mwaka huo wa 1958 watu wa Geita wakaja Mwanza kulikataa baraza walilowekewa bila kuulizwa. Hao hawakusoma risala.

Na wazee wa kipindi hicho wengine bado wapo, wanatupatia vitu vyao vya zamani tuvitunze. Hapo ndipo lilipo ombi letu, na ni moja tu.

Chumba tunachotunzia hivyo vitu kinavuja. Sio kidogo, yani mvua ikinyesha, ndani tunahamisha sanduku kutoka kona hii kwenda ile kama tunacheza bao. Masika yaliyopita maji yaliingia usiku, asubuhi tukakuta stakabadhi ya pamba ya mzee mmoja wa hapa kijijini imelowa chapachapa, wino umetiririka, jina lake limebaki ila ratili zimefutika zote. Mzee aliitunza miaka zaidi ya 60 kwenye kopo la chai, ilipofika kwetu haikumaliza hata mwaka. Alikuja kuiulizia. Tulimwambia ipo.

Mgeni rasmi, hatusemi kwamba hatujasaidiwa. Mgeni wetu wa mwaka juzi aliahidi mabati, tulimpigia makofi mpaka mikono ikauma. Wa mwaka jana naye akaahidi mabati yale yale, akasema ndani ya wiki mbili, na wiki kweli zimepita. Tunawaombea afya njema popote walipo.

Tunachohitaji ni bati 24 za geji 28 na misumari kilo nne. Mbao tunazo, wazazi walichanga. Fundi ni mzazi, yupo pale nyuma kavaa shati la bluu, kasema ufundi ni bure na bati zikifika leo kesho anapanda juu. Hatuombi hela mkononi, ukipenda dukani utalipa mwenyewe na sisi tutatuma mkokoteni.

Kitabu cha wageni kipo mezani kwako. Ahadi za wenzako zipo ukurasa wa kwanza na wa pili, wewe tumekuwekea wa tatu. Kalamu inaandika, tumeijaribu. Tunaomba uandike na tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.