Kiswahili kimo ndani ya boksi namba 7

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu maktaba za utafiti za hapa Kampala niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mmeeleza vizuri jinsi mtu anavyoweza kushinda humo akisoma habari za Buganda, Bunyoro, Acholi na Karamoja. Nikawa nangoja mfike kwenye Kiswahili. Hamkufika. Siwalaumu sana, maana hata ndani ya maktaba zenyewe njia ya kukifikia ni ndefu.

Niwasimulie yaliyonikuta. Nafundisha Kiswahili sekondari. Mwaka jana mwalimu mwenzangu wa Mombasa aliniomba nimtafutie kijitabu kuhusu Kivumba, lahaja ya watu wa Vanga na Wasini. Nikamuuliza, mbona unanisumbua mimi niliyeko Bwaise, si uvuke Likoni ukawaulize wenyewe? Akacheka. "Mwalimu, kitabu chenyewe kilichapishwa kwenu."

Kumbe kweli. H. E. Lambert aliandika vijitabu juu ya Kivumba na lahaja nyingine mbili za pwani, Chichifundi na Kijomvu, mnamo 1957 na 1958, na mahali pa kuchapishwa pameandikwa Kampala. Sababu ni kwamba Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ile iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1930 kwa kazi ya kusanifisha lugha na baadaye ikahamia Nairobi, ililetwa kwenye chuo kilichoko juu ya kilima cha Makerere, hapa Kampala, mwaka 1952 ikakaa hapo takriban miaka kumi. Kutoka kilimani hapo jarida lake lilichapisha maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kama alivyoyasimulia mwenyewe, pamoja na tafsiri ya Wilfred Whiteley. Baadaye kamati ikapitia Mombasa, ikarudi Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo leo tunaijua kama TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Na hapa kuna kichekesho ambacho wanafunzi wangu hawakiamini mpaka niwaandikie ubaoni. Mwaka huohuo wa 1952 ambapo kamati ilifungua mizigo yake Makerere, ndio mwaka ambao Kiswahili kiliondolewa kwenye lugha zinazotambuliwa katika shule za Uganda, ukiacha zile za polisi. Wataalamu walikuwa wanapima lahaja za pwani juu ya kilima, na chini ya kilima mtoto haruhusiwi kufundishwa lugha yenyewe.

Basi nikaenda kukitafuta kijitabu. Maktaba siitaji, maana mkutubi aliyenipokea alinisaidia kwa moyo wote na sipendi aitwe ofisini kwa ajili yangu. Kwenye kompyuta niliandika "Kiswahili", zikaja kumbukumbu tatu, mbili kati yake ni vitabu vya darasani ambavyo hata mimi ninavyo. Mama yule mkutubi akaniambia, "Ssebo, hiyo kompyuta haijui yote. Njoo kwenye droo."

Zile droo za mbao za kadi bado zipo, nashukuru. Kadi niliyoipata ilikuwa imegeuka rangi ya chai, imepigwa kwa taipureta iliyokuwa kali kiasi kwamba kila herufi "o" imetoboka ikawa tundu. Haikuwa chini ya Kiswahili. Haikuwa chini ya Afrika Mashariki wala chini ya pwani. Ilikuwa chini ya "lugha nyinginezo", na pembeni mtu ameandika kwa penseli: boksi 7. Boksi lenyewe lilikuwa juu ya kabati, karibu na dari, limefungwa kamba ya katani. Tulipolifungua, chini kabisa palikuwa na vumbi laini la kahawia, na sote wawili tulijua ni kazi ya nani. Mchwa hawachagui lahaja.

Kivumba hakikuwemo. Chichifundi kilikuwemo, jalada limeachana na kurasa. Chini yake palikuwa na karatasi za semina za saiklostaili, wino wake umefifia, na kijikaratasi cha ushauri kwa wakulima wa pamba, kwa Kiswahili safi ambacho leo ofisi zetu zingelipa mfasiri kukipata. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na kadi yake peke yake. Maana yake, kwa mtafiti aliyekaa Nairobi au Dar es Salaam akitafuta kwa intaneti, vitu hivyo havipo duniani.

Nimejiuliza kwa nini, na sidhani ni uzembe tu. Makusanyo mengi ya historia yetu yalipangwa kwa kabila: sehemu ya Baganda, ya Basoga, ya Lango, ya Lugbara. Kiswahili hapa hakina kabila. Ni cha mtaa wa Kisenyi hapa Kampala, cha mpakani Busia na Malaba, cha kambi za jeshi, cha soko la Arua, cha dereva wa lori anayekwenda Juba. Aliyepanga mafaili hakuwa na mahali pa kukiweka, akakiweka kwenye nyinginezo. Tena kina historia chungu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 gavana wa kikoloni, Gowers, alitaka kukieneza mashuleni, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akapinga waziwazi. Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi walichokumbuka baadaye ni amri za kwenye vizuizi vya barabarani. Nani angepeleka maktaba karatasi za lugha iliyoitwa ya askari na wezi? Sisi wenyewe tuliziwashia sigiri.

Lakini mambo yamebadilika kwenye karatasi. Katiba inakitambua tangu 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, mtaala wa 2020 umekifanya somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likasisitiza tena. Mwanafunzi wangu akiniuliza Kiswahili kilifikaje Uganda, nataka nimpeleke mahali akashike ushahidi kwa mikono yake. Kwa sasa namsimulia tu.

Siombi jengo. Kazi ngumu zimeshafanywa na wengine: nyaraka za taifa zilitolewa kwenye ghorofa ya chini ya ardhi kule Entebbe zikaletwa Wandegeya, na Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kule Fort Portal kimeweka nyaraka za wilaya ya Kabarole katika mfumo wa kidijitali. Ninachoomba ni orodha. Mtu mmoja anayejua Kiswahili, atakayekaa na maboksi hayo miezi michache, akaandika kila kipande kwa jina lake, na neno "Kiswahili" likaingizwa kwenye kompyuta pale anapolitafuta mtu. Maneno ya kutafutia yawe ya Kiswahili pia. Ajabu ni kwamba mpaka leo ili nipate maandishi ya Kiswahili lazima niyaulizie kwa Kiingereza. Na walimu wa sekondari tuingie bila barua tatu za utambulisho. Nilipeleka mbili, nikarudishwa kwa ajili ya ya tatu, na nauli ya boda nimelipa mimi.

Kuna na jambo la vinavyochapishwa sasa. Maktaba ya Makerere ina haki kisheria tangu 1958 kupokea nakala ya kila kinachochapishwa nchini, lakini wanaochapisha kwa Kiswahili hapa ni misikiti, makanisa, vyama vya madereva na walimu wenye mashine ya fotokopi. Wengi wao hawajawahi kusikia sheria hiyo. Hakuna atakayewafuata Kisenyi kuwauliza, na mwaka ukiisha karatasi zimefungia mandazi. Wale tulioona Jengo Kuu la Makerere likiwaka moto usiku ule wa Septemba 2020 tunajua pia kwamba nakala moja haitoshi.

Mimi nina katoni moja nyumbani: kalenda za Kiswahili, mitihani ya majaribio ya shule mbalimbali, ratiba za mawaidha, na daftari la nyimbo za harusi alilonakili marehemu shangazi yangu pale Busia. Niko tayari kuipeleka kwa bodaboda siku yoyote ya Jumamosi. Mkutubi atakayekubali kuipokea na kuiandikia kadi aniambie tu niingilie mlango gani. Namba yangu ya simu mnayo hapo ofisini.

Mwalimu wa Kiswahili,
Bwaise, Kampala